Bamba Ambalo Shavu Halijalilalia

Tak.

Mfuniko wa ndoo ya kumwogeshea mtoto. Godelive aliusikia kutoka jikoni, Jumatano saa moja na dakika ishirini jioni, umeme umekatika mtaa mzima. Akadhani mumewe, Urbain, amerudi na anachota maji. Binti yao Larissa, wa miaka minne, akajifunika pua.

"Mama, inanuka."

"Lala tu."

Asubuhi, akimwogesha mtoto, aliona matone ya buluu upande wa ndani wa mfuniko. Kalamu za rangi, akawaza. Akayafuta.

Saa tano, katika karakana ya Mzee Zachary ya kukarabati vitu vya kale, pale Morningside alikofanya usafi na mumewe alikuwa fundi, alikuta watu wameizunguka meza. Familia moja ya Chatsworth ilikuwa imeleta gobori, bunduki yake ya zamani, litengenezwe. Ubavuni mwa kitako palikuwa na bamba la shaba ya manjano lenye jina la babu yao. Mjukuu alilipapasa mara moja tu.

"Jina ni lake. Bamba si lake."

Alipoondoka, Zachary, Mkenya asiyependa maneno mengi, alimgeukia Godelive.

"Mama Larissa, la kweli halipo, na hapa anayejua kuzeesha shaba mpya ni bwana yako peke yake. Saa sita napigia polisi. Nikishapiga, siwezi kurudisha."

Polisi maana yake karatasi za ukimbizi mezani, na pengine Urbain kwenda asirudi. Godelive aliingoja hofu. Haikuja. Mikono tu ilikuwa baridi, kama aliyoazimwa.

"Naomba nilione."

Lilikuwa jeusi sawasawa, ukingo hadi ukingo. Akamgeukia mumewe aliyesimama kando ya meza.

"Urbain, ukishatoa shaba kwenye mvuke wa amonia, ule unaoifanya iwe nyeusi, unafanyaje?"

"Nasugua hapa katikati na kitambaa, mpaka ififie. Mtu akilenga, shavu linalala hapo. Miaka mingi, shavu linakula weusi."

"Hili halijalaliwa na shavu."

"Aliharakisha," alisema Zachary. "Ama alisahau."

"Miaka sita hajasahau hata mara moja, Mzee. Urbain, ndani ya ndoo unalitundika na nini?"

"Uzi wa kuvulia samaki. Ukiweka waya wa shaba, unalia machozi ya buluu."

Godelive alikumbuka matone ya mfunikoni. Swali lililofuata hakutaka kuliuliza, akaliuliza.

"Jana, saa moja na dakika ishirini, ulikuwa wapi?"

Urbain alimtazama kama mgeni. "Warwick, kwenye foleni ya taxi. Armel alinipigia simu, akauliza nafika nyumbani saa ngapi."

Pembeni, msasa ulinyamaza. Armel, mdogo wake Urbain, aliyelala sebuleni kwao na kulainisha mbao hapo karakana, alikuwa ameinama.

"Jana ulitoka kazini mapema, Armel. Ndoo ya mtoto uliifanyia nini?"

"Eish, shemeji. Ndoo gani? Iko ndoo mingi."

"Ile inalia tak. Ile uliyofungia waya."

"Uzi uliisha, ndiyo maana nili..."

Urbain alimsogelea.

"Sema," Urbain alimwambia.

"Miaka tatu unaniachiaka mbao tu, yaya! Nilitaka uone na mimi naweza. Nikasugua bamba na dawa ya kung'arisha, ling'ae, mteja afurahi. Jina likafutika. Nikachonga ingine. Amonia nilinunua duka la kona."

"Uling'arisha miaka ya watu," alisema Zachary polepole.

"Na kaka yako akichukuliwa?" aliuliza Godelive.

"Ningesema."

"Lini?"

Armel alitazama saa ya ukutani. Saa tano na nusu. Akachomoa soksi mfukoni, na ndani ya soksi bamba lenyewe: linang'aa kama kijiko kipya, jina limebaki kivuli cha jina.

Zachary alichukua simu. Hakupigia polisi, alipigia Chatsworth. Armel akavua aproni, akaikunja vizuri, akatoka. Urbain alimfuata hadi mlangoni, akarudi.

Jioni, Urbain alikula bila kuinua kichwa. Sahani ya nne, ya Armel, ilikaa imefunikwa. Godelive aliisugua ndoo mara tatu, akaifunika. Tak. Alijaribu kufurahi kwamba mume wake yuko mezani, na kwa mbali, kidogo sana, akaweza.

Larissa alivuta pumzi ndefu.

"Mama, harufu imeisha."