Ukuta wa Jikoni kwa Babu Orrin

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kazi ya Lovina ilikuwa kupasua yai, kukihamisha kiini kutoka kiganja hiki hadi kile mpaka ute wote uchuruzike, kisha kukitoboa juu ya bakuli. Babu Orrin alikichanganya na maji na rangi ya unga, akaketi mbele ya ubao wake kuchora.

Watu wa vilima vile vya Vermont walimjua vizuri. Ujanani alichora vibao vya maduka, akapeleka picha zake Boston na kurudi nazo kwapani, tumbo tupu. Miaka ilipopita, picha zilezile zikagombewa na matajiri. Hata hivyo hakuhama, wala hakuacha kuchora majirani na mazizi yao kama yalivyo. Ukiwa na chunjua puani, picha yako nayo ilikuwa na chunjua. Bi Tabitha wa posta alimnunia miaka mingi kwa sababu hiyo, ingawa picha aliitundika sebuleni.

Kipupwe kimoja Babu alikuwa akimchora rafiki yake Asa Philbrook, mfugaji wa ng'ombe, ameketi jikoni kando ya ukuta mweupe. Kwa desturi ya Babu, anayechorwa hakuruhusiwa kuona picha mpaka iishe. Lovina peke yake ndiye aliyeiona kila siku, na siku baada ya siku ukuta ulizidi kuwa wa manjano, na uso wa Asa ukaingia ukijani.

"Ukuta umetoka mweupe?" Babu aliuliza, amekunja macho.

"Mweupe, Babu."

Lovina alikuwa amemwona Babu akimimina kahawa nje ya kikombe. Lakini angesemaje? Mzee huyo hakujua kazi nyingine duniani, na asipochora, Lovina aliamini atakufa. Akajidanganya kwamba kosa ni la viini vya kuku wao. Akaenda kwa jirani kubadilishana mayai, apate yenye viini vyeupe kidogo. Hakuna kilichobadilika. Picha iliendelea kuharibika, naye ndiye aliyekuwa akiikorogea rangi. Alikwenda shule akiwa na uchungu, akarudi nao.

Kazi ilipoisha, Asa aliitwa aje atazame. Akajikuna kidevu kwa muda.

"Orrin, nilikufa lini? Mbona sikualikwa mazishini?"

Babu akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Alimgeukia mjukuu wake.

"Mimi sioni kasoro. Hebu niambie wewe."

"Uso ni wa kijani, Babu," Lovina alisema, machozi yakimtoka. "Na ukuta ni wa manjano."

"Tangu lini?"

"Tangu theluji ianze."

Babu akaifuta brashi kwa kitambaa, taratibu, akaiweka mezani. Asa alishika kofia yake asijue aivae au aendelee kuishika.

Daktari wa Burlington alikuta mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Moja lilipasuliwa likapona. La pili lilikuwa limechelewa mno.

Theluji ilipoyeyuka, Babu alirudi na miwani mizito, akasimama mbele ya picha ile. Lovina alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Macho yangu yamezeeka, sina wa kumlaumu," Babu alisema. "Lakini humu ndani mlikuwa na macho mengine mawili, mazima kabisa, nayo yakanificha. Najua ulinihurumia, mjukuu wangu. Ila huruma inayoficha ukweli humwacha mtu gizani peke yake. Ungeniambia mapema, pengine leo ningekuwa na yote mawili."

Babu aliketi, akavuta kiti kingine kando yake.

"Lete yai. Haya, ukuta ule una rangi gani?"

Safari hii Lovina aliutazama ukuta wenyewe, bila haraka.

"Mweupe, Babu. Lakini pale juu ya jiko una masizi."

"Basi na masizi tutayachora," alisema Babu, akachovya brashi.