Mnong'ono Kwenye Spika

"Latifu, wako mie…"

Sauti ilimfikia Abdulatifu kabla hajaona inakotoka. Aligeuka, akaona spika ya kibanda cha kuuzia nyimbo, na stendi nzima ya Ikwiriri, watu wamekaa juu ya magunia ya ufuta, ikiangua kicheko.

Ilikuwa sauti ya Warda, mpenzi wake. Studio kwake, alikuwa ameimba kwa kifua chote. Wimbo ulipokwisha akaisogelea maiki, akamnong'oneza yeye peke yake. Naye, kwa majivuno ya fundi, akaupitisha wimbo kwenye kompresa. Kompresa hukandamiza sauti iliyopaa, kisha fundi huinua yote kwa pamoja: kelele hushuka, pumzi huibuka. Hakuusikiliza hadi mwisho kabla ya kuusambaza. Aliuamini mkono wake.

"Umefurahi, fundi?"

Warda alisimama nyuma yake, mtandio wa kijani begani, hina mbichi vidoleni. Shangazi yake, Mwanamina, alikuwa akigombania siti za gari la Mohoro.

"Kipenzi! Nakupigia hupokei."

"Simu anayo kaka Bushiri. Sauti yangu anayo kila mtu."

"Nilitaka usikike mpaka Dar!"

"Nimesikika mpaka kwa baba. Kumbe kwa baba ni karibu kuliko Dar." Akacheka, macho yamelowa. "Ule wimbo ulikuwa wa watu, Latifu. Yale maneno ya mwisho yalikuwa yako. Hukujua tofauti?"

"Mashine haijui tofauti, Warda. Inasawazisha tu."

"Na wewe?"

Akawaka. "Naenda kwa mzee sasa hivi. Naposa!"

"Baba alipousikia mnong'ono, akaipokea posa ya Yassin wa Mohoro. Ijumaa naolewa."

"Nitakuja Mohoro, nisimame mlangoni, nipige kelele mpaka…"

"Ndicho unachokijua, habibi. Kwako kila kitu lazima kivume."

"Warda!" Mwanamina aliita. "Gari halitusubiri, mwanangu!"

Warda alipanda, akakaa dirishani. Abdulatifu akalikimbilia dirisha.

"Ile sauti mbichi," Warda alisema, "ile ambayo hujaigusa. Bado unayo?"

"Ninayo."

"Basi hiyo ndiyo iliyobaki yetu."

Dereva akawasha injini. Kibandani, wimbo ukaanza upya. Abdulatifu alifumbua kinywa apige ukelele, akaumeza. Akashika kingo za dirisha, akasogeza mdomo karibu na mtandio, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema kwa sauti ya kumtosha mtu mmoja:

"Wallahi, Warda, sitaigusa. Ulipopaza ipae, uliponong'ona ibaki chini."