Kadi Tisa za Sabuni

Kila akitoka shule, Chiriku alivua sare, akala kilichobaki mezani, kisha akaingia chumba cha nyuma kumsaidia mama yake kukata sabuni za kuuza. Mama alishika waya upande mmoja, yeye upande wa pili, wakaushusha polepole hadi mche ukakatika. Jina la Chiriku alipewa hapo hapo nyumbani, kwa sababu mdomo wake ulikuwa haupumziki.

Wiki ile kazi ilibadilika. Shangazi yake, aliyeajiriwa kuchunguza wateja wanapenda nini, alikuja likizo akamkuta mama anataka kuboresha sabuni yake kwa kubahatisha.

"Wifi, usikisie," alisema. "Ukimwuliza mtu anataka nini, atakwambia anataka vyote. Inukie, iwe kubwa, idumu, na bei iwe ya kutupa. Mlazimishe achague!"

Akatengeneza kadi tisa. Kila kadi ilieleza sabuni moja. Hii inanukia lakini inayeyuka upesi, ile haina harufu ila inadumu, nyingine kubwa lakini ghali. Mtu alitakiwa kuzipanga kuanzia anayoipenda zaidi hadi ya mwisho, na Chiriku, aliyetumwa kupita nyumba ishirini mtaani, auandike mpangilio huo kwenye fomu. Kisha shangazi angepiga hesabu kujua watu wako tayari kuacha nini ili wapate nini.

"Nyumba ishirini tu? Hiyo kwangu ndogo!" Chiriku alijigamba.

Haikuwa ndogo. Watu walikuna vichwa, wakahamisha kadi huku na huko, wakabadili mawazo. Bibi mmoja alimweka nusu saa nzima. Mlango wa tisa ulikuwa wa fundi cherehani, naye alimfokea bila hata kuinua macho.

"Huoni nina kazi? Nenda zako na karata zako!"

Chiriku, bingwa wa maneno, alikusanya kadi zake akaondoka. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Kesho yake alijificha nyuma ya darasa, akajaza mwenyewe fomu kumi na mbili zilizobaki, tena kwa kalamu mbili tofauti ili zisifanane. Yeye alipenda sabuni inayonukia, basi kila fomu akaweka harufu juu. Alijiambia kwamba watu wote hupenda kunukia, kwa hiyo hakuna aliyeumizwa.

Ijumaa jioni shangazi aliinua kichwa kutoka kwenye hesabu zake. "Harufu imeshinda kwa mbali. Wengi wako radhi sabuni iyeyuke upesi, mradi inukie. Ajabu kidogo, lakini ndivyo walivyopanga."

Mama alifurahi, akachukua simu. "Basi naagiza dumu zima la manukato. Nitatumia ile pesa niliyoweka ya kununulia mafuta ya sabuni ya miezi mitatu."

Chiriku alijua muuza manukato harudishiwi kitu. Watu wakiikataa sabuni, mama hatakuwa na pesa ya mafuta ya kutengenezea sabuni nyingine. Alielekea chooni, akageuka mlangoni. Mama alikwishabonyeza namba, na simu ilikuwa inaita.

"Mama, kata! Kata simu!" alipiga kelele, machozi yakimtoka. "Fomu kumi na mbili nimejaza mimi!"

Mama alikata simu. Shangazi alizichambua fomu, akazitenga zile kumi na mbili pembeni.

"Kesho tunaanza upya," alisema. "Milango kumi na miwili. Nitakuwa nyuma yako, lakini atakayebisha hodi ni wewe."

Jumamosi walianza na fundi cherehani. Chiriku alibisha hodi.

"Shikamoo. Samahani, nikusubiri umalize mshono?"

Fundi alimtazama, safari hii kwa macho yote mawili. "Marahaba. Subiri kidogo."

Alipomaliza, alizipanga kadi kwa makini, na sabuni zote zinazonukia akazisukuma mwisho. "Huwa nazifua nguo za watu kabla ya kuzirudisha. Zikinukia manukato nisiyoyajua, nitajibu nini? Nipe inayodumu."

Hadi jioni fomu zote zilijaa. Harufu ilishika nafasi ya tatu. Kudumu kulikuwa kwa kwanza, na kwa hilo mama hakuhitaji dumu lolote. Alihitaji kuianika sabuni wiki mbili zaidi ili ikauke vizuri, isiyeyuke upesi.

Mama alimketisha Chiriku karibu naye.

"Mwanangu, jana nilidhani nazungumza na mtaa mzima, kumbe nazungumza na wewe peke yako. Ukimjibia mtu ambaye hukumuuliza, umemziba mdomo yeye, na mimi umeniziba masikio. Kama kazi imekushinda, niambie imekushinda. Fomu nane za kweli zingenitosha kuanzia."

"Nisamehe, mama."

"Nilikusamehe pale pale uliposema nikate simu. Ila ungechelewa kidogo tu, leo tungekuwa tunalia wote wawili."