Mkono Usioachia

Jumanne asubuhi ukumbi wa mazoezi ya viungo pale mjini Lafayette ulijaa kama soko: huyu anakanyaga baiskeli isiyokwenda popote, yule anarushiwa mpira, mwingine anapanda ngazi tatu zinazoishia ukutani. Odile Thibodeaux, mjane wa miaka sitini na tisa, aliingia na gauni la zambarau na mkongojo. Rangi ya midomo ilikaribia pua, maana aliipaka kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia, tangu apate kiharusi, ulikuwa na tabia ya kaa: ukidaka kitu, hauachii.

Hatua ya nne akayumba. Kaa akadaka mkono wa mwanamume mmoja mwenye kofia nyeupe na shati lililonyooka kwa pasi.

"Samahani, bwana. Nimekukamata na sijui kuachia."

"Mara ile uliniachia upesi," akajibu kwa sauti ndogo.

Odile akamtazama vizuri. Elphège Guidry. Miaka hamsini nyuma, kila Jumamosi walicheza dansi ya wolzi mpaka bendi ifunge virago. Kisha Elphège akapata kazi kwenye visima vya mafuta baharini. Siku ya kuondoka alimshika Odile mkono, akingoja aambiwe abaki. Odile, kwa kiburi cha miaka kumi na tisa, akafungua vidole.

Basi simu zikaanza, Odile akimpigia Elphège kila jioni.

"Umekula nini, mpenzi?"

"Supu ya gambo."

"Ya kopo?"

"Ya kopo."

"Mama yako anageuka kaburini, na kijiko mkononi."

Elphège hakucheka. Hata ukumbini, Odile aliposimulia kisa cha padri aliyetumbukia bwawa la kufugia kamba na kutoka na mmoja amening'inia pasipotajika, watu walicheka hadi baiskeli zikasimama. Uso wa Elphège ulibaki mkavu kama ubao.

"Kama hucheki kwa sababu unanionea huruma, Elphège, huruma hiyo kawape paka," Odile akamwambia wiki ya tatu, akahamia siku ya Alhamisi. Nyumbani alilia. Kumpoteza mtu mmoja mara mbili, huo nao ni uzembe.

Alhamisi hiyo Noemie, binti aliyemfanyisha mazoezi, alimpa kunde azitie kikombeni moja moja. Vidole, kwa mara ya kwanza, vikafunguka vyenyewe. Kunde ikaanguka, ti. Odile akageuka amwambie mtu, na mtu aliyemtaka alikuwa wa Jumanne.

Ndipo akasikia sauti nyuma ya pazia. Akachungulia, maana udadisi wake haukuwahi kupooza. Elphège, naye kahamia Alhamisi, alikuwa mbele ya kioo, anayavuta mashavu kwa vidole, anajisimulia kisa cha padri. Alipofika pa kuchekesha alijikaza hadi jasho likamtoka, na pembe ya mdomo ikapanda kiasi cha punje ya mchele.

"Unafanya nini, wewe?"

"Najifunza kucheka. Uso umeganda, Odile. Ni ugonjwa wa Parkinson. Ndani yule padri ananiua, ila kicheko hakioni mlango."

"Mbona hukusema?"

"Niseme utaongea na ukuta maisha yako yote?"

"Niliolewa na ukuta miaka arobaini, tena ule ulikoroma."

Elphège akapumua. "Mwaka ule nilingoja wewe useme. Leo nasema mimi. Olewa nami, Odile. Wali nitapika, gambo utapika wewe."

"Kwanza tuone kama bado unajua kucheza."

Noemie akawasha muziki wa wolzi, kwa kuwa miguu ya Elphège ilisikia muziki kuliko amri. Odile akampa kaa wake. Wakazunguka polepole katikati ya baiskeli, kofia na gauni la zambarau, mpaka fidla ikanyamaza.

"Haya, Bi Odile," Noemie akasema, "fungua vidole apumzike."

"Havifunguki, mwanangu."

Noemie akakitazama kikombe chenye kunde. Akafungua faili, akafikiri, akalifunga bila kuandika neno.