Kamera Tisa za Siwatu

Kila siku saa sita mchana Kisawazishi, mtambo wa serikali, kilipita jiji la Ruvu Mpya bila kelele. Kiliingia kwenye kila simu, kila miwani, kila ukuta wa kioo, kikazisahihisha picha zote. Palipobomolewa mtaa, kiliotesha nyasi pichani. Watu walifungua picha za harusi zao wakajikuta wamefunga ndoa uwanjani. Ndivyo zilivyofutwa Kota za Reli mwaka 2061, ndivyo ilivyofutwa Machinjioni mwaka 2074. Ukiuliza, unaambiwa hapajawahi kukaa mtu.

Sasa ilikuwa zamu ya Mtaa wa Ginari. Baraza la Ardhi lingesikiliza shauri la wakazi Jumatatu, na ushahidi uliokubalika ni picha ya filamu tu, ambayo mtambo haukuweza kuigusa. Sheria hiyo ilikuwa ya zamani. Wakubwa walisahau kuifuta.

"Wewe Siwatu," Mashavu muuza chapati alimwambia jirani yake, "una kamera tisa kabatini kama vyombo vya wageni. Wageni wenyewe ndio hao wamefika. Toa moja!"

Siwatu, fundi wa pampu za maji, alizikusanya kwa miaka ishirini. Ni zile kamera ambazo kidirishani unaona vivuli viwili, unazungusha lenzi mpaka vinakuwa kimoja, ndipo picha inakuwa kali. Ngozi iliyozifunika haikuchubuka, kioo hakikuwa na ukungu. Hakuwahi kutia filamu hata moja. Kwake, kamera iliyotumika imeharibika.

Siku hiyo alitia. Vibomozi, roboti za miguu sita, viliangusha nyumba arobaini, naye akapiga picha thelathini na sita.

Alasiri akaisafisha filamu bafuni kwake, ng'ambo ya barabara ambako vibomozi havikuwa vimefika. Ikatoka angavu kama kioo cha dirisha, tupu mwanzo hadi mwisho.

Kwenye kamera hizo jicho lina dirisha lake na lenzi ina njia yake. Utauona mtaa mzima huku lenzi imefunikwa. Mpiga picha hilo halimpiti. Siwatu hakuwa mpiga picha.

"Hukuvua kifuniko?" Mashavu aliuliza taratibu.

"Sijawahi kukivua. Kinazuia vumbi."

"Vumbi! Nyumba yangu yote ni vumbi, Siwatu."



Kesho yake asubuhi vibomozi vingerudi kuzoa kifusi, lakini misingi ilikuwa bado ipo, nayo ingeonyesha kwamba watu walikaa hapo. Kulipopambazuka tu Siwatu aliliacha kabati wazi, akagawa kamera zote kwa majirani pamoja na filamu alizokuwa amezigandisha kwenye friji zisiharibike. Akawafundisha kuunganisha vivuli, mmoja mmoja, kwa haraka.

Mashavu aliiweka yake juu ya tofali ili ajifunge kanga vizuri. Ikateleza, ikakwaruzika kwenye zege. Ilikuwa ile kongwe kuliko zote, ambayo Siwatu hakumruhusu hata dada yake kuishika.

"Nimekuharibia, mwenzangu."

Siwatu aliupitisha ukucha kwenye mkwaruzo, mara moja tu, kisha akakivua kifuniko cha lenzi.

"Jiko lako lilikuwa wapi?"

"Hapa."

"Basi simama hapo. Usitabasamu."

"Kwani nani anatabasamu?"