Mgongoni mwa Mkamwana

Ukingo wa mto ulimeguka saa tisa alasiri, na mzee Ambilikile akaenda nao. Alipojivuta hadi juu ya kigongo cha ardhi, kifundo cha mguu wake wa kulia kilikuwa kimegeukia pembeni. Mafuriko yalikuwa yameshaimeza njia ya kurudi Makwale, na yalizidi kupanda. Upande wa pili palibaki lile bonde walilokuja kulipima, ambamo mbuzi wa watu waliingia wakafa.

"Wewe mashine," mzee alisema, macho kayapeleka kwenye migomba, "mwambie mwenzio mguu umevunjika."

Siku nyingine Atupele angecheka. Fundi wa roboti alikuwa yeye, na kijiji kilikuwa kimempa kiongozi wa njia bila kufikiri kwamba ni baba mkwe wake. Mzee alishika mila ya Kinyakyusa kisawasawa: mkamwana hatazamwi, hasemeshwi, hasogelewi. Tangu asubuhi alikuwa akitembea hatua hamsini mbele, na kila neno alilipitishia kwa roboti, kigari cha minyororo kisichozidi ukubwa wa beseni.

Atupele alimrushia khanga na fito mbili, mzee akajifunga mguu mwenyewe. Kisha Atupele akakituma kigari bondeni. Kilikuwa na vihisi viwili, kimoja usawa wa goti, kingine juu ya mlingoti, usawa wa kifua. Ramani ikajichora kwenye simu: chini nyekundu tupu, juu kijani. Hewa ya ukaa, nzito kuliko hewa ya kawaida, ilikuwa imetuama mle kama uji kwenye bakuli. Anayetembea wima angepita. Anayetambaa angelala palepale asiamke.

"Mwambie nitatambaa."

"Ukitambaa unakufa, baba. Nitakubeba."

"Mashine, mwambie bora nife na maji."

Maji yakaanza kuvuka kigongo na kumwagika bondeni. Yakijaa mle, yangeinua hewa ile hadi puani. Hasira ikampanda Atupele, na hofu juu yake. Akachuchumaa mbele ya mzee, akampa mgongo.

"Utanisamehe kesho, baba. Sasa hivi panda!"

Mzee akapanda, uso kaugeuzia pembeni.

Waliifuata taa ya kigari hatua kwa hatua. Kichwa kilimgonga Atupele, mapaja yakawaka moto, pumzi akaivuta kwa kidevu kilichoinuliwa. Katikati ya bonde tope likakinasa kigari. Taa ikazimika, na ramani ikatoweka kwenye simu. Akasimama, hajui aende wapi.

"Atupele."

Alidhani kasikia vibaya. Miaka sita ya ndoa, mzee hakuwahi kulitamka jina hilo.

"Shika kushoto, kwenye mkakao uliopinda. Pale ardhi inapanda. Ukijikwaa usiiname, mimi nitashika matawi."

Akashika kushoto. Alijikwaa mara mbili, na mara zote mbili mkono mmoja wa mzee ulimkaza begani, mwingine ukashika tawi wasianguke. Kisha upepo kutoka ziwa la jirani ukawapiga usoni, mtamu ajabu, na Atupele akajua wamepona.

Barabarani walikutana na majirani waliokuja kuwatafuta, mama mkwe wake Tusekile akiwa mbele. Wote wakasimama ghafla. Hakuna aliyejua aangalie wapi.

"Mbona mmesimama?" mzee akafoka kutoka mgongoni. "Mpeni maji mwanangu."

Atupele akanywa huku analia kwa furaha, na mzee akamtazama mpaka akamaliza kikombe.