Firigisi ya Mzee Aminiel

Sinia lilikuwa tupu. Lilikuwa limeegemezwa ukutani kando ya tanuri, na ndani ya tanuri hamkuwa na kitu ila joto.

"Alikuwa humu," alisema Mzee Aminiel Sumari. "Nimemwingiza mwenyewe saa moja asubuhi. Kilo sita."

Inspekta Evaresta Shirima aliinama kuchungulia, kiuno kikamuuma. Hii ilikuwa Krismasi ya nne mfululizo kumkuta akiwa zamu. Asubuhi mama yake alimpigia simu kutoka Rombo kumuuliza kama amwekee nyama ya sikukuu, au wasijisumbue. Tangu hapo Evaresta alikuwa amepima ajali mbili barabarani na kuamua ugomvi wa walevi pale Maji ya Chai. Sasa akawa anatafuta bata bukini aliyeokwa.

Kwa ajili ya bata peke yake asingepanda mlima. Alipanda kwa sababu ya mtu aliyekuwa ameketi chini karibu na geti, mikono yake imefungwa kwa kamba ya mbuzi. Huyo ndiye Kisioki, mlinzi wa boma hili kwa miaka kumi na mmoja.

Jambo la kwanza Evaresta alimwambia Koplo Ephraimu aikate ile kamba. La pili akaomba mlinzi aletewe maji. Alipogeuka aliona kuwa kikombe cha chai kilikwisha kuwekwa kando yake, kimefunikwa kisahani nzi wasiingie. Hakuuliza ni nani aliyekiweka, lakini alikitia akilini.

"Afande, unamfungua mwizi?" Nelson, mtoto mkubwa wa nyumba, alikuwa amefika juzi kutoka Dar es Salaam, na shati lake la kanisani lilikuwa bado limefungwa mpaka shingoni. "Geti lilikuwa limefungwa. Sisi sote kanisani. Nani mwingine?"

"Bwana Kisioki," Evaresta aliuliza, "umekula bata wao?"

"Mimi ndege silagi, afande. Kwetu huyo si nyama."

Ephraimu alicheka kidogo. Nelson hakucheka. Alisema mtu anaweza asile na akauza, na kwamba hata bata akipatikana, kazi ya Kisioki imekwisha leo. Alitaka mlinzi alale mahabusu. Evaresta alijua maana yake. Akimchukua leo, mtu huyu atakaa ndani mpaka sikukuu zote zipite na mahakama zifunguliwe, na hata akitoka, hakuna boma litakalompa tena kurunzi na rungu.

Akaanza upya, polepole, kama mtu anayechambua mchele.

Mzee Aminiel alieleza. Alipika katika hoteli moja kule Momela miaka thelathini, na huko ndiko alikojifunza bata bukini wa sikukuu. Alipostaafu alijenga tanuri hili la matofali, na kila Krismasi humchinja mmoja. Unamjaza vitunguu na ndizi mbivu tumboni. Unaitoboatoboa ngozi kwa sindano ili mafuta yatiririke, kisha unamwagia mafuta yake mwenyewe kila baada ya nusu saa, mpaka awe na rangi ya asali. Walipokwenda ibadani, Eunike ndiye aliyepewa kazi ya kurudi saa nne kummwagia mafuta.

Eunike alikuwa mkwe wa nyumba hiyo, mjane wa Calvin, mtoto wa mwisho. Alisimama kwenye mlango wa jiko, mikono ndani ya kanga.

"Ulirudi saa ngapi?"

"Saa nne na dakika kumi."

"Ukakuta nini?"

"Tanuri liko wazi. Hakuna kitu."

"Sinia?"

"Lilikuwa hapo hapo lilipo."

Evaresta alilishika sinia, akapitisha kidole. Halikuwa na mafuta hata chembe, na pembeni lilinuka sabuni. Nyuma ya tanuri aliona jivu limelowa, limegandamana, na nzi wamelijaa. Akalinusa. Mafuta ya bata, zaidi ya kikombe, yamemwagwa jivuni.

"Mzee, haya mafuta huwa mnayatupa?"

Mzee Aminiel alishtuka kama aliyeambiwa watu wametupa maziwa. Mafuta ya bukini hayatupwi. Hukaangiwa viazi mpaka Pasaka, na watoto wenye kifua hupakwa.

Evaresta alikaa kwenye kigoda. Katika miaka yake kumi na tisa ya kazi alikuwa amekutana na wezi wa kila namna, lakini hajapata kumwona anayemwaga mafuta na kuosha chombo kabla hajatoroka. Aliyefanya hivi hakuwa akimtaka huyu bata. Alikuwa akimwogopa.

"Na firigisi?" aliuliza.

Mzee Aminiel aliingia jikoni kutazama.

Hakuna haja ya kumweleza mtu wa huku habari ya firigisi. Ni ya baba wa nyumba, na mtoto akiidokoa atasimuliwa mpaka aoe. Katika boma la Sumari ilikuwa na desturi yake zaidi. Haikupasuliwa siku ya kuchinja. Ililazwa nzima katika bakuli la maji ya chumvi ndani ya jiko, na siku ya pili mkwe huipasua, huisafisha na kuikaanga mwisho kabisa, ili imfikie mzee ikiwa ya moto.

"Bakuli lipo, limefunikwa," alisema Mzee Aminiel baada ya kutazama. "Firigisi haimo."

"Jiko lilikuwa limefungwa?"

"Ndiyo."

"Ufunguo?"

 Mzee alitazama chini, mbali na mkwe wake, mwenye kuushika. Evaresta aliona jinsi alivyojitahidi asimtazame, akamhesabia huo kuwa wema.

Alimwendea Bibi Fransiska, mke wa mzee, aliyekuwa ameketi kibarazani na gauni lake la ibada. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula? Leo si siku ya kumtembeza mtu na njaa."

Tangu alfajiri hakuna aliyemuuliza swali hilo. Evaresta alimuuliza bata alinenepeshwa kwa chakula gani. Bibi alifurahi kuulizwa. Alimlisha kwa mkono wake mwenyewe, alisema, pumba na majani, na juzi jioni na jana asubuhi akamwongezea mahindi kutoka mfuko mpya wa stoo. Mahindi mazuri, mazito, yanateleza mkononi. Alivinyosha viganja vyake kuonyesha ukubwa wa konzi. Kwenye mikunjo ya vidole, chini ya kucha, mlikuwa na rangi ya waridi.

Evaresta alivishika viganja hivyo kidogo, kisha akavirudisha magotini pa mwenyewe.

"Eunike," aliita, "nisindikize stoo."

Mfuko ulikuwa hapo, mdomo wazi. Ilikuwa mbegu ya mahindi iliyobaki baada ya kupanda vuli, nyekundu kwa kupakwa dawa ya sumu ya kuua wadudu. Kwenye mfuko palichorwa fuvu na mifupa. Asiyeona angeliona vipi?

"Umemzika wapi?"

Eunike alitikisa kichwa.

"Nimeuliza, umemzika wapi? Kuna mbwa hapa, na kuna watoto wa jirani."

"Migombani. Nyuma ya choo." Sauti ilimtoka ndogo. "Nimemzika pamoja na firigisi. Nimechimba mpaka kiunoni, afande. Mbwa hawatamfikia."

"Uliipasua."

"Nilirudi nikaanza na firigisi. Kisu kikagonga punje. Zilikuwa nyekundu. Nilikaa chini. Nikawaona akilini wote mezani, na Baba anakula ile firigisi, na Mama mwenyewe anamnyofolea kila mtu kipande."

"Kwa nini hukusema?"

"Shemeji Nelson anataka kumpeleka Dar. Wiki hii Mama alitia chumvi kwenye chai, shemeji akasema bado kosa moja tu, atamchukua akakae ghorofani. Mama hajui kukaa bila migomba yake, afande. Akiamka huishika mmojammoja. Kule atashika nini?" Alijifuta uso kwa kanga. "Calvin alipokufa, watu walitaka nirudi kwetu. Mama alilala chumbani kwangu miezi mitatu. Akawaambia, huyu haendi popote, nimemzaa."

"Na Kisioki?"

"Nilifikiri watasema mwizi ameruka ua, yaishe. Sikujua watamfunga. Nimempelekea chai..."

"Nimeiona chai." Evaresta alikuwa na uchovu wa kutosha kuketi hapo hapo juu ya gunia. "Umemsitiri mmoja kwa kumvua nguo mwingine, mwanangu. Nenda ukaseme mwenyewe. Mbele yake, na mbele ya mama."

Eunike alisema. Alisimama uani, akasema yote bila kujitetea, huku Koplo Ephraimu akirudi kutoka migombani na koleo, amechukua sampuli ya kupelekwa maabara. Hakuna aliyelia kwa sauti.

Kisioki alisikiliza, akasema kuwa alimwona.

"Ulimwona anazika?" Evaresta aliuliza. "Ukakaa umefungwa kwa muda wa saa mbili?"

"Mtu akizika chakula siku ya sikukuu ana sababu. Tena ningesema mimi, nani angeniamini? Huyu?" Alimwonyesha Nelson kwa kidevu.

Bibi Fransiska alivikunja viganja vyake magotini. Kisha alisema, "Basi nilikuwa nawaua wanangu siku ya Krismasi."

"Mfuko niliuweka mimi," alisema Mzee Aminiel. "Nikauacha wazi, kando ya pumba. Mwenye macho ni mimi."

Nelson alianza kusema kwamba ndiyo maana, kwamba yeye alikuwa ameonya. Bibi aliinua mkono.

"Nelson. Umemfunga mtu kamba ya mbuzi bila kumuuliza. Kamwombe radhi. Halafu ndiyo uje kwangu tuzungumze kama nimezeeka."

Ilimchukua Nelson muda kuvuka uwanja. Alisimama mbele ya mlinzi, akafungua kifungo cha shingoni, akasema maneno aliyoweza kusema. Hayakuwa mengi.

Kisioki alimtazama mpaka yakaisha.

"Nimesikia," alisema.

 Aliokota rungu lake, akajifunga shuka vizuri, akaenda kufungua geti, maana gari la polisi lilikuwa linataka kutoka.